Kidole Kwenye Ufizi

Mama yangu alinawa mikono kwanza. Nalisema hilo mapema kwa sababu wasomi wenzangu, nikiwasimulia habari hii, huanza kukunja nyuso kabla sijafika popote. Alinawa kwa kipande cha sabuni, akajifuta kwa upindo wa kanga safi, akakaa kwenye kigoda, akampakata mjukuu wake na kumtia kidole mdomoni. Akapapasa ufizi wa juu polepole, kutoka pembe hadi pembe. Halafu wa chini. Halafu akarudia wa juu.

"Hakuna," akasema, akaendelea na chai yake.

Ulikuwa mwisho wa miaka ya themanini. Mdogo wangu wa pekee, dada yangu, alikuwa amejifungua mtoto wa kike katika hospitali moja ya bondeni, akapanda mlimani kuja kutunzwa uzazi wa kwanza kwa mama yake. Hospitali alikwenda na vifaa vyake: wembe, glovu, pamba, beseni na chupa ya mafuta ya taa, maana ule ndio wakati tulianza kuambiwa tuchangie. Walimpokea yeye, wakayapokea na mafuta ya taa. Mtoto alipotoka walimpima uzito, wakamhesabu vidole, wakamrudisha kwa mama yake. Ukaguzi wa Serikali ukaishia hapo. Ukaguzi wa Mama ukaanza.

Sisi Wapare tuna historia na meno ya juu. Mtoto akitanguliza ya chini, heri. Akitanguliza ya juu, huyo ni kigego, na zamani kigego hakulelewa. Alipelekwa kwenye jiwe kubwa lililoko mlimani, akalazwa juu yake penye mteremko, watu wakageuka wakarudi nyumbani bila kuangalia nyuma. Siku hizi watalii hupandishwa hadi pale. Husimama, hushika vifua, hupiga picha, kisha hushuka kwenda kula chakula cha mchana. Vijana wetu wanaowaongoza wamejifunza kushusha sauti wanapofika mahali pale penye mteremko.

Mama hakuhitaji kushushiwa sauti. Alikuwa na kaka ambaye hakupata kumwona. Bibi alimsimulia mara moja tu, wakipalilia maharage, na hakurudia. Kwa hiyo kidole cha Mama, ambacho kwa miaka mingi nilikihesabu miongoni mwa mambo ya kizamani ambayo elimu yangu ingeyafuta, kilikuwa na shughuli yake. Siku moja nilimuuliza kwa ile sauti ya mwanafunzi wa chuo kikuu: na je, angelikuta la juu angefanya nini?

"Ningeling'oa," akasema. "Jino la maziwa ni kitu gani? Ningeling'oa kabla ya chai, na wewe usingejua."

Nilikuwa nyumbani kwa sababu chuo kilikuwa kimefungwa. Tulikuwa tumegoma kwa ajili ya chakula, tukarudishwa makwetu tukale huko. Nilikuwa nasomea uchumi. Niliweza kueleza kwa nini shilingi inashuka thamani, jambo ambalo mama yangu alilijua bila kuelezwa kila alipokwenda gulioni. Siku nzima nilikaa barazani na kitabu, na mtoto alilala ndani, na ndiyo kazi aliyoifanya kuliko zote: kulala.

Alikuwa mtoto mtulivu ajabu. Hakulia kwa njaa. Ilibidi aamshwe anyonye. Akilia, sauti ilikuwa nzito, ya kukwaruza, kama ya mzee mwenye mafua, nasi tukacheka. Macho yalikuwa na umanjano uliokataa kwisha. Akaanikwa juani asubuhi. Kitovu kilitokeza, Mama akakifunga kwa kitambaa na sarafu ya shilingi, ambayo wakati huo haikuwa na kazi nyingine. Ulimi ulipenda kuchungulia nje. Jirani zetu wa kike walikuja na ndizi na maziwa, wakakaa, wakamsifu.

"Huyu mtoto ana adabu."

"Kamrithi bibi yake."

"Si mjomba wake, maana huyu alilia mpaka akafika chuo kikuu."

"Na huko nasikia bado wanalia, ndiyo maana wamefukuzwa."

Wakacheka, nami nikacheka, dada yangu akacheka huku akimtazama binti yake kwa fahari ya mama ambaye mtoto wake hasumbui. Kila kitu alichohitaji daktari kukiona kilikuwa pale kitandani, kimefunikwa kanga, na sote tulikuwa tukikisifia.

Naomba msomaji asiondoke na wazo kwamba haya yalitokea kwa sababu tuliishi mlimani tukikwepa hospitali. Kila mwezi dada yangu alimfunga mtoto mgongoni akateremka naye kliniki. Kila mwezi alitundikwa kwenye mizani, na kila mwezi uzito ukakutwa mzuri, maana alikuwa mnene, mnene wa kuvimba, lakini mizani haiulizi unene umetoka wapi. Nukta ikawekwa kwenye kadi, ndani ya ile njia ya kijani. Siku moja muuguzi alimnyanyua mbele ya akina mama wote waliokaa kwenye benchi.

"Mnamwona huyu? Huyu mama anajua kulea. Halii, hasumbui, uzito juu. Sio ninyi mnaoniletea vijiti."

Dada yangu alirudi mlimani siku hiyo kama aliyeshinda kesi.

Miezi ikapita na meno hayakuja. Hapa ndipo desturi yetu na bahati yetu mbaya ziliposhikana mikono. Mama alikuwa na kanuni kwamba mtoto asionyeshwe watu wa mbali mpaka meno ya chini yametoka. Kliniki ruksa, kwa kuwa kule walitazama mizani tu, lakini shangazi wa Gonja, wakwe, watu wa kanisani, hao wangoje. Asije mtu akachungulia mdomo na kukuta kitu kabla ya yeye. Kwa watoto wengine kanuni hiyo huisha yenyewe nusu mwaka haujatimia. Kwa huyu fizi zilibaki tupu, mwaka ukaisha zikiwa tupu, na kila alichoshindwa mtoto kikabandikwa kwenye meno. Hakai? Anangoja meno. Hashiki kitu? Meno yanamchosha. Hamgeukii mtu akiitwa? Mwacheni, ana homa ya meno. Mama akapapasa kila asubuhi, na hofu yake yote ilikuwa kwenye swali moja: juu au chini.

Yakatoka ya chini. Mama alichinja jogoo. Alimpakata mjukuu wake barazani, akamfunua mdomo mbele ya wageni wote, wa Gonja na wa Suji, akawaonyesha vijino viwili vyeupe. Sijapata kumwona mtu mwenye furaha namna ile. Mtoto alikuwa na umri wa kukimbiza kuku, na alilala kwenye mapaja yake kichwa kimelegea.

Kwa kuwa sasa aliweza kuonekana, na meno hayakuwa kisingizio tena, dada yangu alimpeleka hospitali ya rufaa, mbali na kwetu. Nilimsindikiza. Daktari hakugusa chombo chochote. Alimtazama mtoto uso, ulimi, kitovu, akamgusa ngozi, akaweka kalamu chini.

"Mmechelewa," akasema.

Akatueleza, na alieleza vizuri, siwezi kumlaumu kwa hilo. Shingoni mwa kila mtu mna tezi ndogo inayotoa kitu ambacho ubongo wa mtoto hukihitaji ili ukue. Wengine huzaliwa tezi hiyo haipo au haifanyi kazi. Mama zao hawana kosa. Hawakula kibaya wala kutazama kibaya. Dawa ipo, kidonge kimoja kila siku, na mtoto akianzishwa katika wiki za mwanzo hukua kama wenzake, huenda shule na huwasumbua walimu kama wenzake. Akicheleweshwa, kidonge humsaidia mwili. Akili iliyokosa kujengwa hairudi.

"Mngemleta katika mwezi wa kwanza," akasema.

Dada yangu si mtu wa maneno. Alimfunga mtoto vizuri mgongoni kwanza.

"Mwezi wa kwanza nilikuwa nanyi, daktari," akasema. "Nimezaa mikononi mwenu. Kila mwezi nimekuja. Mimi sikuchelewa."

Daktari akaichukua tena kalamu yake. Nami, kwa vile nilizoea kuuliza maswali darasani, nikauliza wangejuaje katika mwezi wa kwanza, iwapo mtoto anaonekana mzima. Akasema katika nchi za wenzetu kila mtoto mchanga huchomwa kisigino siku za mwanzo. Tone la damu hudondoshwa kwenye karatasi, likapimwa. Kila mtoto, mgonjwa na asiye mgonjwa, wa tajiri na wa fukara.

"Na hapa?"

"Hapa hatuna."

Alisema "hatuna" kama muuza duka alivyosema "sukari hakuna" miaka ile ya foleni, bila aibu na bila ubaya. Neno lile nililisikia utoto wangu wote na nilidhani nimelizoea. Siku ile nililisikia upya. Tulikosa sukari, tukanywa chai chungu. Tulikosa sabuni, tukafulia majani. Hayo yalirudi. Tone lile la kisigino cha mpwa wangu lilikuwa na wiki zake, na wiki zake zilikwisha.

Watu hututania sisi Wapare kwamba Mpare yuko tayari kuuza ng'ombe ili ashinde kesi ya kuku. Ni kweli, na kwetu wapo watu ambao wametembea mahakamani kwa mpaka wa shamba tangu baba zao. Basi nilidhani dada yangu, mjukuu wa watu hao, atasimama. Tulipokuwa kwenye basi la kurudi nilimwambia hili ni jambo la kushitaki.

"Nimshitaki nani, kaka?" akauliza. "Mlete hapa mtu aliyekataa kumchoma. Hayupo. Hakuna aliyekataa."

Nimesoma zaidi tangu hapo, na mtu huyo bado namtafuta.

Tulishuka Same mjini jioni. Huo ndio ulikuwa wakati ruksa, yaani biashara kuachwa huru, imeanza kuchanua. Maduka yaliyokuwa na viberiti na majani ya chai tu yalikuwa yamefurika: biskuti za Uarabuni, redio za kaseti, viatu vya mitumba vimepangwa kando ya barabara kuu hadi karibu na stendi, manukato, maua ya plastiki. Ndiyo, maua ya plastiki, katika mji ambao ukimwaga maji uani yanakauka kabla hujarudisha ndoo. Nilizunguka duka moja la dawa hadi jingine nikiulizia kidonge kile. Palikuwa na dawa za kung'arisha uso, dawa za nguvu za kiume, dawa za kunenepesha. Cha mpwa wangu hakikuwepo. Mwishowe tulikipata kwa mama mmoja mfanyabiashara aliyekuwa akivuka mpaka kwenda Taveta kuleta mafuta ya kupikia; alikifunga pamoja na mzigo wake, na kwa miaka kadhaa ubongo wa mtoto wa dada yangu, au kilichobaki cha kuokolewa, ulitegemea kama askari wa mpakani ameamka vizuri. Nilikuwa nimefundishwa darasani kwamba soko likiachwa huru litaleta kile ambacho watu wanahitaji. Nilitamani kumleta mwalimu wangu asimame pale stendi, kati ya maua, akitafute kidonge hicho.

Nikafanya kile ambacho watu wa aina yangu hufanya wakikasirika: nikaandika makala gazetini. Niliandika kuhusu kisigino, tone na karatasi. Niliuliza kwa nini Serikali inayoweza kumwandalia mgeni rasmi gwaride la saa nzima isiweze kumchoma mtoto mchanga sindano moja. Humo katikati nilitaja kidole cha Mama, kwa mapenzi, kama mfano wa watu wanaojali. Mhariri aliikata kwa ajili ya nafasi. Alikata kisigino, akakata gwaride, akakibakiza kidole. Ikatoka chini ya kichwa kikubwa: Mila Potofu Zaangamiza Watoto Upareni.

Gazeti lilipanda mlimani likiwa limefungia sukari, baada ya wiki kadhaa. Jirani mmoja alimsomea Mama lote, kwa sauti, na alihakikisha hakuruka neno.

"Umeniandika," Mama aliniambia nilipokuja likizo. Alikuwa akichambua mahindi ya makande na hakuinua macho.

Nikaeleza habari za mhariri. Nilieleza kwa kirefu.

"Sawa," akasema. "Ila huyo bwana wa gazeti, mwambie mimi nilitazama. Huenda nilitazama mahali sipo. Lakini nilitazama kila siku. Yeye alitazama wapi?"

Miaka michache baadaye dada yangu alishika mimba ya pili. Hakuna aliyemtaja wa kwanza, na kwa sababu hiyo kila mtu alijua mwenzake anawaza nini. Mimi nilikuwa nimepata kazi Dar es Salaam, katika ofisi yenye feni. Huko hospitali za watu binafsi zilikuwa zimeanza kuota kama uyoga, na moja ilikuwa na maabara iliyoweza kupima damu ya tezi ile. Nikaandika barua nyumbani. Dada yangu alijibu kwa mstari mmoja: akizaa, anakuja.

Kwetu mzazi hatoki nje kabla hajapata nguvu, na mtoto mchanga hapigwi upepo wa barabarani. Alipojifungua, mtoto wa kiume safari hii, na kutangaza kwamba anateremka Same kupanda basi la Dar kitovu hakijadondoka vizuri, ukoo mzima ulikaa kikao. Haya nilisimuliwa na yeye mwenyewe.

"Unataka kumuua huyu pia?" shangazi mmoja aliuliza.

"Yule hakuuawa, yupo hapo anakula," dada yangu akajibu. "Yule nilimficha. Huyu ataonekana mapema."

Wote wakamgeukia Mama, mwenye kanuni, aseme. Mama aliinuka, akaingia ndani. Walidhani amekasirika. Alitoka na kikapu chenye ndizi mbivu na kanga ya ziada, amevaa viatu vyake vya kanisani.

"Basi linapita saa ngapi?" akauliza.

Niliwapokea stendi, nikawapeleka maabara. Mhudumu wa mapokezi alikuwa kijana nadhifu, kavaa tai.

"Mtoto anaumwa nini?"

"Haumwi," dada yangu akasema.

"Sasa mnampimia nini?"

"Kwa sababu haumwi," nikasema, nikaanza kumfafanulia kwa maneno makubwa. Alinitazama kama mtu aliyeletewa gari zima atengeneze. Akasema bila karatasi ya daktari hawezi, na daktari hatoi karatasi kwa mtu asiyeumwa, na huo ndio utaratibu.

Mama alikuwa amekaa kwenye kiti cha plastiki na mtoto mapajani.

"Mwanangu," alimwita yule kijana, "mimi nimepapasa fizi za watoto tangu hujazaliwa. Wote walikuwa wazima. Kama ningengoja waumwe ndipo nipapase, hiyo ingekuwa kazi gani?"

Kijana akamtazama, akaenda kumwita daktari. Daktari alipokuja dada yangu alimwambia habari za wa kwanza, na karatasi ikaandikwa.

Walimchoma kisigino. Mama ndiye aliyeushika mguu. Mtoto alipiga yowe kali, jembamba, lililowafanya watu wa foleni wageuke, akaendelea kulia mpaka akawa mwekundu, na Mama, aliyepata kumsifu mjukuu wake wa kwanza kwa kutolia, alikaa pale akilisikiliza yowe hilo akitikisa kichwa taratibu kama mtu anayesikiliza muziki.

"Lia," alikuwa akisema. "Lia, baba."

Majibu yalitoka mema. Mtoto huyo leo ni fundi wa magari Mwanga, mdomo mrefu, hashindwi na mtu. Watu huniambia nishukuru, na ninashukuru. Lakini kila nikishukuru hasira hunirudia, kwa sababu mtoto yule alipimwa kwa kuwa alitanguliwa na dada aliyekosa kupimwa, na alikuwa na mjomba mwenye mshahara. Hivyo ndivyo tulivyopanga: wa kwanza awe tangazo, wa pili apone, na asiye na mjomba mjini atajua mwenyewe. Kisha tunapandisha watalii kwenye jiwe wakashangae ukatili wa babu zetu. Babu zetu walijua walichokuwa wakifanya, na walijua wamemfanyia nani, wakageuka wasione. Sisi hatuna hata haja ya kugeuka.

Mama amefariki. Mpwa wangu wa kwanza ni mwanamke mzima sasa, mfupi, mnene, mwenye tabasamu la haraka. Kila asubuhi mama yake humwekea kidonge kwenye kiganja, naye hukimeza kwa chai. Anachambua maharage, anachota maji, anajua majina ya watu na mbuzi wote wa kitongoji. Hesabu hajui, wala kusoma, na giza likiingia hataki kuachwa peke yake. Anawapenda watoto wachanga kuliko kitu chochote.

Mwaka jana nilikuwa nyumbani jirani alipotoka hospitali na mtoto wake. Hospitali ile ya bondeni imepakwa rangi, ina vigae, na ukutani mwa chumba cha kusubiri kuna televisheni bapa inayowaka kutwa. Tulikwenda kumpongeza. Mpwa wangu aliomba sabuni. Akanawa mikono, akajifuta kwa upindo wa kanga, akakaa kwenye kigoda, akampokea mtoto, akamtia kidole mdomoni taratibu kama alivyofundishwa. Akapapasa juu. Akapapasa chini. Akarudia juu.

"Hakuna," akasema.

Jirani akacheka, akamshukuru. Mimi niliufunua mguu wa mtoto kutoka kwenye kanga, nikauliza kama kule hospitali walimchoma hapa.

"Wamchome kwani anaumwa?" akasema jirani.

Kisigino kilikuwa chekundu kidogo, laini, kizima. Hakuna aliyekuwa amekigusa. Nikakifunika.